Pikapu ya Shangazi Imeingia Bafuni

Jamani, leo nimejianika mbele ya watu, tena mchana kweupe.

Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa Chande, mtani wa ukoo wetu, maana yeye atatia chumvi. (Hakuna haja. Chumvi inatosha.)

Shangazi yangu, Bi Somoe, ana pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Imenizidi umri. Ndiyo inayobeba korosho zake kutoka shambani, hapa Kiswere, hadi barabara kuu. Ugonjwa wake ni mchanga. Tairi moja la nyuma likikanyaga mchanga laini linazunguka bure kama feni, mwenzake katulia anatazama tu. Msimu uliopita ilikwama mpaka shangazi akachoka. Akasema ikikwama tena, injini inang'olewa, inakwenda kufungwa kwenye mashine ya kusaga.

Mashine ya kusaga! Usingizi ulinipaa. Pikapu hiyo ndiyo iliyonifundisha ufundi. Sikupita chuo, sikukaa gereji ya mtu. Nimejifunza kwa kufungua, kufunga, na kutazama video mpaka bando linakata. (Na kulia kidogo. Sawa, si kidogo.)

Dawa ya mchanga nilikuwa naijua. Ipo kwenye difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa matairi mawili. Difu ya kawaida ina ubaya mmoja: nguvu yote inamkimbilia aliyelegea. Lakini zipo ambazo ndani zimepangwa visahani vinavyobanana. Tairi moja likikosa pa kushika, nguvu inahamia kwa mwenzake. Nikaipata moja Lindi, kwenye gari bovu la rika lile lile, wenyewe wanafugia kuku ndani. Fundi mmoja wa huko akanionea huruma.

"Dogo, hiyo ni ya makumbusho. Achana nayo."

Sikuachana nayo. Nikaifungua yote. Visahani nikaviosha kwa dizeli, nikavipanga kwa mfuatano juu ya kanga ya mama (naye ameshanisamehe, nadhani), nikavirudisha. Halafu nikahisi kimoja kimekaa vibaya. Nikafungua tena. Kilikuwa kimekaa sawa, ndipo nikaifunga difu kwenye pikapu. Ndivyo nilivyo, mnanijua.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nikasema liwalo na liwe. Shangazi akatoka na kiti chake uani. Waliokuwa wanatoka msikitini wakasogea. Nikatoa hotuba. Ndiyo, hotuba! Nilikuwa nimeifanyia mazoezi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Fupisha, jua kali."

"Difu hii haina uzembe," nikasema. "Tairi moja likikosa ardhi, lingine linashika kazi!"

"Maneno hayo. Tuoneshe, au nimwite mwenye mashine ya kusaga?"

Watu wakacheka, na mimi akili ikaniruka. Huku kwetu fundi akimaliza difu lazima aisikilize. Jeki ni moja, kwa hiyo ananyanyua tairi moja la nyuma, anawasha, anaingiza gia. Tairi linazunguka hewani, watu wanatega sikio kama difu inalia. Gari halitoki. Kila fundi anafanya hivyo. Kwa difu za kawaida.

Nikanyanyua tairi la kushoto. Nikapanda, nikawasha, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole kama mtu anayemlaza mtoto.

Tairi moja likakosa ardhi. Lingine likashika kazi.

Kama nilivyosema!

Pikapu ikaruka kwenye jeki. Mimi, mtoa hotuba, nikapiga yowe, "Mamaaa!", na badala ya breki nikakanyaga mafuta. Watu wakatawanyika kama kuku. Mbele yangu kulikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi, mchanga laini uliomkwamisha hata aliyeuleta. Nikasema Alhamdulillahi, hapa itakwama. (Fundi anaombea gari lake likwame! Mmewahi kuona?)

Haikukwama. Ikapanda rundo, ikashuka upande wa pili, ikapasua ukuta wa bafu la makuti, ikazima.

Ndani ya bafu alikuwamo Chande. Katoka shamba, kaomba maji aoge. Povu mpaka kwenye kope. Ndoo kaishika mbele, mahali panapohitaji ndoo.

"Mtani!" akapayuka. "Kama mlitaka kunisugua mgongo, si mngebisha hodi?"

Nikashuka na makuti kichwani.

"Samahani mtani, nilikuwa najaribu difu."

"Difu imefaulu! Mimi je?"

Kuna waliokaa chini kabisa kwa kucheka. Nilitamani niingie mvunguni mwa ile pikapu nisitoke. Shangazi peke yake hakucheka. Akaja taratibu, akasimama kwenye rundo la mchanga, akainama. Nikajua injini ndiyo hiyo inakwenda.

"Twalibu, njoo hapa."

"Naam, shangazi."

"Zamani ilikuwa inachimba shimo upande mmoja."

"Ndiyo, shangazi."

"Leo matairi yamechimba yote mawili. Sawasawa." Akaipima alama ya tairi kwa kiganja, kushoto, kisha kulia. Akajifuta mchanga. "Injini ibaki ilipo. Kesho mnapakia korosho. Ila kwanza kamsitiri mtani wako, bafu utalijenga wewe."

Nikaitikia vizuri tu. Nilipofika nyuma ya nyumba nikarukaruka peke yangu kama mwehu.

Sasa hivi nafunga makuti, vidole vimechubuka, na Chande kakaa pembeni anamsimulia kila anayepita. Kila akisimulia pikapu inaongezeka mwendo. Sijamrekebisha. Ni difu yangu, acha ikimbie.

Nilichojifunza: mtu akiifunga kazi yake vizuri, na yeye mwenyewe inabidi aiamini, la sivyo itamthibitishia mbele ya watu.