Nilivyoiponda Enclume Bleue Redioni

Leo nimejidhalilisha mbele ya Butembo nzima. Si mbele ya watu watano, si mbele ya darasa. Hewani! Kwa sauti yangu mwenyewe, tena jina langu likiwa limetajwa mara mbili mwanzoni, asije mtu akadhani ni mwingine.

Nimekuja moja kwa moja hapa kwenye chumba cha intaneti ili niwaandikie ninyi wapenzi wa roki kabla wengine hawajawaandikia. (Najua kuna mtu ameshawaandikia. Nawajua nyote, hakuna asiyependa umbea.)

Kwa miaka miwili nimemsumbua Papa Mumbere, mkurugenzi wa redio yetu ya mtaa, anipe nusu saa ya roki kila wiki. Nusu saa tu! Redio nzima ni kwaya, matangazo ya vifo, rumba, halafu kwaya tena. Sina ugomvi na kwaya, mama yangu mwenyewe anaimba kanisani. Lakini mtu akikaa mji huu mwaka mzima anaweza kuamini kwamba gitaa liliumbwa kwa ajili ya kubembelezea watu tu. Wiki iliyopita mzee akachoka na mimi.

"Kasereka, nakupatia samedi moja tu," akaniambia, yaani Jumamosi hii ya leo. "Saa ine ya asubui. Ikienda muzuri, kipindi ni yako kila samedi. Ikienda mubaya, ile saa napatia Agronome Kavugho na basungura bake. Na usitaje basoldats na bunduki yabo, usitaje barabara, usitaje nani anatawala wapi. Sema muziki, basi."

Agronome Kavugho ni mama mmoja wa Vuhovi, bwana shamba wa kike, anayefundisha watu kufuga sungura. Anaijua kazi yake, sikatai. Lakini roki ishindwe na sungura? Nilisema hilo halitatokea nikiwa hai.

Na nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine mjini alikuwa nacho: albamu mpya ya Enclume Bleue. Kwa wasiowajua (mnapaswa kuona haya), hao ni Wafaransa wanne wanaopiga muziki kana kwamba nyumba inaungua na wao wamo ndani wanatafuta mlango. Miaka minne tumeingoja! Kanda ililetwa na Ramazani, dereva wa lori wa Beni. Ni Mwislamu wa swala tano, na kati ya swala na swala hasikilizi kitu kingine ila roki. Aliinunua Kampala, akaipitisha mpaka wa Kasindi ndani ya soksi. Kwenye kizuizi cha karibu na Beni wakamvua soksi. Askari akaitia kanda kwenye redio yake, akasikiliza kidogo, akaitoa.

"Hii haiko muziki," akamwambia Ramazani. "Hii ni accident ya camion. Beba, pita!"

Ramazani alinisimulia hayo Alhamisi huku akicheka, akaniachia kanda, akarudi kwenye lori lake. Mimi nikasema moyoni, askari anayeuita ajali ya lori anajua nini kuhusu muziki? Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikaisikiliza nyumbani Alhamisi na Ijumaa, sikio limegandana na spika. Umeme hatuna, mnajua. Betri mpya nazo zimeadimika sokoni tangu barabara iwe ya wasiwasi, kwa hiyo tunafanya kama nyumba zote za mtaa wetu: asubuhi betri zinaanikwa juu ya bati zipate jua, mchana zinarudishwa kwenye redio zikiwa bado na joto. Mama naye anasikilizia kanda zake humo humo.

"Bamama ba Kipese banaimba na sauti nene sana siku hizi," aliniambia juzi kuhusu kwaya ya rafiki zake. "Sawa banaume. Ni Roho njo anabatumia."

"Amina, Mama," nikamjibu. Nikatoa kanda yake, nikaweka yangu.

Jamani! Nilichokisikia kiliniuma kweli. Kasi imekwenda wapi? Mpiga ngoma wao, yule tuliyekuwa tukisema ana mikono sita, sasa anapiga, anapumzika, anakumbuka, ndipo anapiga tena. Mwimbaji mwenye lile koo kali sasa anaguna kama mzee anayetafuta viatu vyake chini ya kitanda. Gitaa linakokotwa kama gunia la viazi. Nikautambua ugonjwa. Unaitwa kukomaa. Bendi ikifika albamu ya nne, kuna mtu huwaambia kwamba wamekomaa, nao wanamwamini! Wanapunguza mwendo, wanaanza kutafakari. Nani aliwatuma watafakari? Kutafakari tunatafakari wenyewe huku kila siku, na bila gitaa. Kutoka kwao tulitaka kelele.

Nikaandika kurasa nne kwa hasira. Ilikuwa hasira ya haki, nawaapia.

Leo asubuhi nikavaa shati la ibada. Mama akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mutoto wangu, mu radio banaonaka shati?"

"Hapana, Mama. Lakini miye najiona."

Studio ni chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani, na jenereta inanguruma nyuma ya nyumba. Kwenye mitambo alikuwa Kavira, binti ambaye hacheki ovyo. Papa Mumbere alikuwa kwenye kona yake, vifaa masikioni. Na kwenye benchi karibu na mlango, ni nani? Agronome Kavugho! Amewahi, ametulia, ana sungura mzima ndani ya kikapu. Saa yangu haijaanza na yeye ameshakuja kuirithi! Nikamsalimia kwa heshima zote, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Nikaanza vizuri. Nawaambia, nilianza vizuri mno. Niliongea kwanza juu ya albamu zinazokuja. Nikasema kuna bendi ya Wabelgiji imetangaza albamu yenye fidla, okestra nzima, na nikaonya kwamba bendi ya roki ikiita fidla ujue nyimbo zimewaishia. Nikasema tumaini langu liko kwa wale wanafunzi wa Nairobi wanaorekodi albamu yao ya kwanza ndani ya gereji, kwa sababu hawana vyombo vya kutosha vya kuharibia sauti. Papa Mumbere akaitikia kwa kichwa. Kavira akaacha kutazama saa. Hata agronome alikuwa anasikiliza. Nikaona kabisa kipindi ni changu.

Kisha nikafika kwa Enclume Bleue, na zile kurasa nne.

"Bandugu basikilizaji," nikasema, na meza nikaipiga, "batu haba banatuuzisha usingizi! Bamezeeka! Hii haiko album, hii ni matanga. Kwa jina ya vijana ba Butembo na Beni, nataka hawa bazungu batuombe pardon!"

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima. Lakini nikaongeza. (Kwa nini huwa naongeza?)

"Sasa musikie nyie benyewe. Wimbo ya pili, ile ya huzuni kupita zote. Kama uko na mugonjwa mu nyumba, punguza sauti, asikate tamaa."

Nikamwashiria Kavira. Kavira akabonyeza.

Ikalipuka! Ngoma zikaanguka zote kwa pamoja, gitaa likapiga kelele, na yule mwimbaji, mzee wangu wa kutafuta viatu, akatoa ukelele mwembamba, mkali, wa kijana wa miaka ishirini aliyemwagiwa maji ya moto. Ilikuwa mbio tupu! Sungura akaruka kutoka kikapuni, akapita juu ya kurasa zangu, akaingia chini ya mitambo. Agronome akamfuata kwa magoti.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasahau kwamba maikrofoni iko wazi.

"Kavira! Unakimbiza! Punguza!"

"Nipunguze nini?" Kavira akauliza. "Machine iko na vitesse moja tu, mwendo ingine haina."

"Hapana, haiko hii wimbo! Nimesikiliza hii kanda siku mbili. Inaendaka pole pole!"

Kavira akaisimamisha kanda. Akanigeukia taratibu.

"Ulisikilizaka na nini?"

"Na radio ya kwetu."

"Mulitia mapile gani?"

Nikajifanya nazipanga kurasa zangu, kana kwamba sikusikia anauliza betri gani.

"Kasereka. Mapile gani?"

"Ile ya ku mabati," nikasema.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapoonewa. Kila mtu anajua kwamba betri zikichoka kanda inajikokota na sauti inakuwa nzito. Mtoto anajua! Mimi pia najua! Lakini betri zetu hazikuchoka siku moja. Zilichoka kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na masikio yetu yakachoka pamoja nazo. Nyumbani kwetu hakuna aliyekumbuka tena dunia inakwenda kwa mwendo gani. Wale mama wa Kipese maskini hawana sauti nene hata kidogo!

Na nikiwa nimekaa pale, maikrofoni usoni, nikakumbuka mengine. Albamu ya wale wale Wabelgiji, niliyowasifia ninyi mwaka jana kwa maneno marefu, nikiiita maombolezo mazito ya watu waliokata tamaa. Wewe Muhindo wa Kampala uliniandikia kwamba hiyo ni albamu ya kuchezea kwenye sherehe. Nikakuita kiziwi. Muhindo, tuyaache hayo. Sitaki kuyazungumza leo.

Nilidhani nimefika chini kabisa. Bado. Dirishani kikatokea kichwa cha Ramazani. Kumbe lori lake lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara akipakia mizigo ya Beni, redio imefunguliwa mpaka mwisho, na wapakiaji wote wanasikiliza.

"Kase!" akapiga kelele, na maikrofoni ikamchukua vizuri kuliko ilivyokuwa inanichukua mimi. "Basoldats balinivua soksi juu ya hii kanda! Mbele ya batu! Na weye unaiita matanga? Soldat wa barrière alisikia muzuri kukupita!"

Papa Mumbere alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Nikafikiri mzee analia, redio yake imeharibika. Alipoinua uso nikaona machozi kweli, lakini hayakuwa ya huzuni. Akamwonyesha Kavira kwa kidole: weka tena, tangu mwanzo.

Kavira akarudisha wimbo. Na mimi nikausikia kwa mara ya kwanza, pamoja na Butembo yote.

Nisiwafiche. Ni mzuri. Ni mzuri kiasi cha kuudhi! Wale watu hawajakomaa hata kidogo, Mungu awabariki. Nilitaka kusimama na kurukaruka, nilitaka kumkumbatia Ramazani kupitia dirishani. Lakini ningerukaje, mtu niliyetoka kuuita wimbo huo matanga dakika tatu kabla? Ikabidi nikae wima na shati langu la ibada, uso nimeukaza kama shemasi, huku mguu wangu chini ya meza unapiga ngoma peke yake. Sungura, ambaye alikuwa chini ya hiyo hiyo meza, alihamia upande wa Kavira.

Wimbo ukaisha. Kavira akafunga maikrofoni (asante, lakini umechelewa, dada). Nikakusanya kurasa zangu. Papa Mumbere akanong'onezwa kitu mlangoni na kijana aliyetoka mbio sokoni, akajipangusa macho kwa leso.

"Kasereka, kipindi ni yako."

"Kweli, Papa?"

"Kweli. Nilituma mutu ku marché aende kuona. Batu banashika matumbo, bamama bameacha kuuza. Banaomba urudie. Lakini, siwezi kuiweka mu muziki. Kila samedi, saa ine, ni Agronome. Saa ine na nusu, njo weye. Tutaiandika: vichekesho."

Vichekesho! Mimi! Mtu niliyekesha na magazeti ya muziki ya kuazima, ninayeweza kukutajia kila mpiga ngoma aliyepita Enclume Bleue na sababu ya kuondoka kwake! Niwekwe baada ya sungura, kwenye vichekesho! Nilifungua mdomo nimwambie Papa Mumbere aende na redio yake anakotaka.

"Wasingya, Papa," akawahi kusema Agronome Kavugho kwa Kinande, akimshukuru mzee kwa saa yangu, sungura kwapani. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa: "Mutoto wangu, kubali. Ata miye nilianzaka na dakika tano."

Nikatazama kanda mkononi mwangu. Zimebaki nyimbo nane ambazo hakuna mtu wa mji huu amezisikia, hata mimi sijazisikia kwa mwendo wake wa kweli, na redio nyingine ya kuzipiga haipo. Nikikataa, itakuwa kwaya.

Nikakubali.

Kwa hiyo mlio Butembo na Beni, Jumamosi ijayo saa nne na nusu fungueni redio, muisikie albamu ya mwaka inavyostahili kusikika. Ila mkiulizwa kama mnamfahamu mtangazaji, kataeni.