Mapigo Matatu kwa Matoleo ya Syntiche

Jumapili, 27 Julai

Binti yangu Syntiche ametangaza mezani, kati ya bukari, ugali wetu, na samaki, kwamba siku ya ndoa yake na Paulin, Jumamosi ya tarehe tisa, maandamano ya matoleo yatapigiwa gitaa na Gauthier wa kwaya. Ametangaza kana kwamba jambo hilo halinihusu. Nimeweka tonge chini. Nimemkumbusha kwamba nyumbani humu yumo mpiga gitaa. Ameuliza ni nani.

Nilifundisha mantiki na hesabu maisha yangu yote, najua kuvumilia. Nimemweleza kwa utulivu kwamba tangu nistaafu nimejifundisha gitaa pasipo mwalimu, kwa kitabu kimoja na video za simu, na kwamba menueti yangu, ngoma ya kale ya Ulaya yenye mapigo matatu, iko karibu kukamilika. Amejibu kwamba iko karibu kukamilika tangu Pasaka ya mwaka jana. Kisha: "Papa, weye unasimamaka kila mara sawa gari yenye kukosa mafuta. Bamama beko na mabeseni ku kichwa. Habawezi kukungoyea."

Ni kweli, husimama. Nikikosea noti, nasimama, narudi mwanzo wa mstari, nasahihisha. Mtu mwaminifu hapiti juu ya kosa lake kana kwamba hakuliona.

Tumekubaliana hivi. Alhamisi kabla ya ndoa kuna mazoezi kanisani. Nikipiga menueti toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, matoleo ni yangu. Nikisimama hata mara moja, ni ya Gauthier. Mama yake hayupo tena wa kumsindikiza, nimebaki mimi. Sitaketi kwenye benchi siku hiyo kama mtu aliyepewa kadi ya mwaliko.

Jumatatu, 28 Julai

Tatizo limebainika: si vidole, ni mwendo. Simu yangu ina programu inayogonga mapigo. Nilikusudia kuifuata asubuhi yote. Umeme umekatika kabla ya chai, simu imezimika kabla ya mstari wa pili. Nimejaribu kuhesabu kwa sauti. Nikihesabu, siwezi kupiga. Nikipiga, nahesabu vibaya.

Alasiri, uvumbuzi. Nyuma ya ukuta wetu, jirani yangu Mama Germaine anatwanga sombe, majani ya muhogo. Pigo moja baada ya jingine, sawasawa, bila haraka na bila uvivu. Nimehamishia kiti ukutani. Nimepiga mistari minne mfululizo. Kisha mwanamke mmoja akapita, akamsalimu, mchi ukanyamaza, nami nikaning'inia katikati ya noti kwa muda wote wa habari za shemeji yake wa Sakania. Hazikuwa habari fupi.

Jumatano, 30 Julai

Nimefikiri hivi: Mama Germaine husimama kwa sababu sombe yake ni kidogo, hivyo hana wasiwasi wa kumaliza. Akiwa na sombe nyingi, hatapata nafasi ya mazungumzo. Nimenunua sokoni mafungu makubwa ya majani, nikampelekea, nikisema ni shukrani ya ujirani. Alinitazama kwa muda. Hata hivyo ametwanga hadi jua kushuka. Mazoezi bora kuliko yote niliyowahi kufanya.

Jioni amevuka na sufuria. Sombe yote ile, imeungwa kwa mawese na samaki wakavu. Amesema: "Papa Syntiche, kama njaa iko, useme tu. Usisikie haya. Mutoto anaolewa, nani atakupikia?" Syntiche amecheka hadi akatoka nje. Sikuweza kueleza kwamba nilikuwa namtumia mama wa watu kama saa ya ukutani. Nimekula. Ilikuwa nzuri sana, jambo ambalo halina uzito katika hoja hii.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimepeleka sombe tena. Tumekula sombe tena.

Pigo la mkosi: leo Plamedie, binti ya Mama Germaine, amechukua mchi wa pili ili kumsaidia mama yake dhidi ya wingi wa majani yangu. Wanapokezana katika kinu kimoja. Mama, binti, mama, binti. Mapigo mawili. Menueti yangu ni ya matatu. Kila nilipofika pigo la tatu, wao walikuwa wamekwisha kurudi kwenye la kwanza. Nilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani akikuta imebaki hatua moja asiyoitarajia.

Suluhisho linajitokeza lenyewe: mchi wa tatu. Nimevuka kwa Mama Germaine na kumfafanulia, kwa adabu zote, kwamba wingi wa wageni wa Jumamosi unadai watwangaji watatu kwa zamu. Amekubali mara moja. Akauliza huyo wa tatu ni nani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Plamedie alikuwa tayari ameninyooshea mchi.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimetwanga. Sitalieleza jambo hili kwa mtu yeyote.

Siwezi kutwanga na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, kwa mtazamo wa haraka, mpango umeshindwa. Mama, binti, mimi. Mchi wangu uligongana na wa Plamedie, nikasimama ili nitafute sababu. Mama Germaine hakunipa nafasi. "Usisimame, Papa Syntiche. Ukikosa, pita. Ukisimama, tutakuponda mukono." Nikakosa, nikapita. Nikakosa tena, nikapita tena. Majirani walijipanga ukutani. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika kama ni mimi ninayeolewa. Mama Germaine akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba mahari yangu italipwa kwa sombe.

Jioni nimepiga menueti toka mwanzo hadi mwisho. Nilikosea mahali kadhaa. Sikusimama hata mara moja.

Nimechunguza chanzo cha maendeleo haya kwa makini yanayostahili. Leo nilikalia kiti cha jikoni, ambacho ni kifupi kuliko cha sebuleni. Hakuna badiliko lingine lolote la maana. Ni urefu wa kiti.

Jumatatu, 4 Agosti

Jana baada ya misa nilimchunguza Gauthier. Ni fundi wa simu siku za kazi. Gitaa lake la umeme limekosa uzi mmoja na hana wasiwasi. Hasomi noti. Anapiga akiwatazama watu badala ya vidole vyake, kama dereva anayezungumza na abiria wa nyuma. Na bado kanisa zima lilikuwa likiyumba.

Nilimdokezea kwamba Jumamosi umeme unaweza kukatika na kwamba chombo cha umeme ni hatari kwa ibada. Alinishukuru kwa kumfikiria. Atabeba jenereta.

Hivyo leo nimebadili mbinu. Nimekusanya kila simu mbovu iliyomo nyumbani, nikampelekea kibandani, nikisisitiza kwamba nazihitaji zote Alhamisi alasiri, wala si kabla. Mtu aliyezidiwa na kazi haji kwenye mazoezi ya kwaya, na asiyekuja kwenye mazoezi hapigi.

Jumanne, 5 Agosti

Gauthier amezileta zote asubuhi hii. Zote zinafanya kazi, hata ile iliyolala ndani ya ndoo ya maji. Katika kila moja ameweka programu ya kugonga mapigo. "Prof, nilisikia uko nafanya mazoezi. Nikasema, hii itakusaidia." Akakataa hata soda.

Adabu ya kijana huyu inachosha. Nimemwambia asante, kwa sauti ambayo natumaini aliielewa.

Nimepima kiti cha jikoni. Nitakibeba kanisani.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi.

Nimepiga mbele ya kwaya nzima, nikiwa juu ya kiti cha jikoni, ambacho kimesababisha vicheko kwenye safu ya sauti ya pili. Toka mwanzo hadi mwisho. Sikusimama. Nilipoinua macho, Syntiche alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Akasema mbele ya wote kwamba Papa ameshinda, matoleo ni yake. Gauthier ndiye aliyeanza kupiga makofi. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Kisha Mama Germaine, ambaye ndiye anayeongoza akina mama wa matoleo, akaomba tujaribu na miguu. Kwetu matoleo hayabebwi tu. Yanachezwa, kutoka mlangoni hadi altareni: mguu wa kuume, wa kushoto, kuyumba kidogo, mbele tena. Akina mama wakajipanga na mabeseni matupu. Nikaanza. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Kwenye ya pili nusu yao walikwenda kuume na nusu kushoto. Beseni moja likaanguka na kuzunguka sakafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama mmoja akauliza kama wimbo huu ni wa watu wenye miguu mitatu.

Gauthier akanisogelea, akasema taratibu kwamba labda niongeze pigo moja ili yawe manne, au nipunguze moja yawe mawili. Akina mama wataingia wenyewe. Nimemjibu kwamba kipande hiki kimeandikwa hivi tangu kabla ya babu zetu, na kwamba mtunzi wake hakuweka pigo la tatu kwa bahati mbaya. Akasema sawa, Prof.

Syntiche hakucheka safari hii. Njiani kurudi alinishika mkono. "Papa, nilikupatia neno langu, siwezi kulirudisha. Lakini familia ya Paulin inatoka Kasumbalesa yote nzima. Bamama bakianguka mbele yabo, mimi nitaficha uso wapi?" Nikamwambia kwamba akina mama watazoea. Hakuuachia mkono wangu hadi nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti, jioni

Naandika nikiwa bado na suti.

Matoleo yalianza baada ya mahubiri. Nilikaa kitini, nikaanza menueti, kwa usahihi ambao sijawahi kuufikia. Mlangoni hakuna aliyesogea. Mama Germaine alikuwa mbele na beseni la matunda, mguu mmoja hewani, akitafuta mahali pa kuuweka. Nyuma yake mama mwingine alikumbatia jogoo. Nikamaliza mstari wa kwanza. Bado mlangoni. Wageni wa Kasumbalesa wakaanza kugeuza shingo. Padri alikuwa amenyoosha mikono kupokea, na mikono ilikuwa imeanza kushuka.

Ndipo Syntiche akainuka. Bibi arusi haendi kuchukua matoleo. Mahali pake ni kitini, kando ya Paulin. Akashika gauni, akashuka kati ya mabenchi hadi mlangoni, akasimama mbele ya Mama Germaine na kuanza kucheza kuja altareni, akinitazama mimi. Anacheza kama mama yake. Mabega yametulia kabisa na kila kitu kingine kinasema.

Nilimtazama. Hilo ndilo kosa. Pigo la tatu likanipita.

Sikusimama; sijui kwa nini. Katika kipimo kilichofuata, yaani fungu jingine la mapigo matatu, nikakosa pigo la tatu tena, na kilichofuata, na kilichofuata. Menueti nzima ikawa ya mapigo mawili, kama mtu aliyevaa suruali iliyokatwa magotini. Mguu wa Mama Germaine ukashuka. Mwingine ukafuata. Safu nzima ikaingia. Vigelegele vikatoka upande wa Kasumbalesa. Gauthier, bila kuniomba ruhusa, akaweka besi chini yangu, ngoma ikajibu, kwaya ikatafuta maneno ikayapata. Kipande kikaisha matoleo yakiwa katikati ya kanisa. Mtu akapaza sauti: "Prof, rudilia!" Nikarudia. Wakarudi nyuma makusudi ili waje tena. Jogoo aliruka. Padri mwenyewe alikuwa akicheza, na ni yeye aliyenifanyia ishara mwishoni kwamba sasa misa iendelee.

Syntiche alipofika alinishika kichwa akanibusu paji la uso mbele ya ukoo mzima wa Paulin. Vipodozi vyake vyote vilikuwa mashavuni. Amesema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya kelele. Nilimwomba arudie. Alitikisa kichwa akacheka.

Nimehesabu makosa yangu kadiri ya kumbukumbu. Kila kipimo kilikuwa na kosa moja. Ni utendaji mbovu kuliko wote tangu nianze kujifundisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa. Leo watu wengi wamenisimamisha njiani kunipongeza. Nimemsahihisha kila mmoja. Nimewaeleza kwamba walichosikia hakikuwa menueti bali ajali, na kwamba lawama ni ya sakafu ya kanisa, ambayo imeinama na kubadili urefu halisi wa kiti. Mama Germaine amesema sakafu ikae vile vile.

Gauthier amekuja kuniomba nipige pamoja naye kila Jumapili. Nimekubali, kwa sharti kwamba kwaya ifundishwe kwanza kuhesabu. Amesema sawa, Prof. Kijana huyu hatanishinda kwa mbinu hii.

Jioni Syntiche amepiga simu kutoka Kasumbalesa. Mama mkwe wake anataka Jumapili ijayo nifike kupiga kwenye misa ya shukrani ya familia. "Papa, upige ile ya jana. Sawa vile ya jana. Banasema habajaona kitu kama kile." Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia nyumbani humu tangu tumzike mama yake. Nikamwambia nitakuja, asiwe na shaka, Papa atakuwapo.

Sikumwambia lililobaki, ili iwe zawadi. Baada ya kufikiri kwa kina nimegundua ubaya wa menueti ulikuwa wapi: watu waliiona ni rahisi mno, wakaichezea. Kitabu changu kina kipande kingine, ukurasa wa karibu na mwisho. Kina mapigo matano.

Watu wa Kasumbalesa watazoea.