Saa Niliyoitengeneza Ikakimbia

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya wazazi wote wa shule yetu ya msingi hapa Boito.

Shuleni kuna king'ora kinachoendeshwa na kompyuta moja kuukuu, haina hata intaneti. Kazi yake ni moja tu: kulia saa kumi watoto waende nyumbani. Lakini kilikuwa kinachelewa, kila wiki zaidi, na wazazi wanauliza jioni wakikamua ng'ombe, nani atawashikia ndama. Mwalimu mkuu akaniita. "Kijana, tengeneza hii kitu. Ikikaa sawa, Jumatatu bodi inakupa kazi ya kompyuta."

Nikachimba ndani. Kumbe mashine inahesabu muda kwa vipande vidogo sana, na kila kipande kina desimali ndogo inayotupwa. Ndio maana saa inabaki nyuma! Nikaiambia isitupe, ijaze mpaka nambari nzima. (Kichwa iko!) Ijumaa jioni nikailinganisha na simu yangu, nikaitazama dakika chache, iko sawa. Nikaenda zangu.

Leo Jumatatu, mkutano. Wazazi wamejaa uwanjani. Mwalimu mkuu akanishika bega. "Huyu ndiye ametunyooshea saa." Makofi! Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

King'ora kikalia.

Wui! Milango yote ikafunguka. Watoto wakapotelea kwenye mashamba ya majani chai kando ya shule, mabegi mgongoni, walimu wanaita bure.

"Kijana, si hii ni saa nane na nusu?" mwenyekiti wa bodi akauliza, akitazama simu yake.

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na huu mdomo! "Mzee, pengine simu yako iko nyuma. Hiyo saa yangu haidanganyi."

Akaangalia jirani yake. Jirani akatoa simu. Uwanja mzima ukatoa simu. Nikatoa yangu... saa nane na nusu! Nikachanganyikiwa kabisa. Nani sasa anadanganya? Ndipo nikapiga hesabu: nimejaza kila kipande, wikendi nzima. Saa imekuwa ikikimbia tangu Ijumaa.

"Kwa hivyo ilikuwa inachelewa," mwenyekiti akasema polepole, "ukaitengeneza, sasa imetangulia?"

"Ndiyo, mzee."

"Na watoto wako wapi?"

"Kwa majani, mzee."

Wazazi walicheka mpaka wengine wakashika miti.

Kazi nimepewa, msiniulize. Kuanzia kesho nasimama nje ya ofisi na kengele ya mkono, na mwalimu mkuu ndiye atakuwa ananiambia ni saa ngapi.