Twende-Tu na Taa ya Nyuma

Njooni, enyi mlioketi vivulini na enyi mnaopita kwa haraka zenu! Shusheni mizigo, tulizeni watoto, kwa maana habari hii ni kubwa kuliko ua wa nyumba ilimotukia. Ni habari ya kinyozi mmoja shujaa, mwenye mkono mwepesi kwa wembe na mzito kwa spana, ambaye mtaa mzima ulimwita Twende-Tu. Kwani kila alipoulizwa kama pikipiki yake ina upepo, ina oili, ina breki, alijibu kwa maneno hayo mawili, akaondoka akiacha nyuma moshi na mashaka.

Siku kumi na moja kabla ya asubuhi hii tukufu, alimpakia mama mkwe wake amwahishe kliniki ya macho kuchukua miwani. Mama akauliza, "Huu mnyororo mbona unaning'inia?" Naye akatoa jibu lake la siku zote. Mnyororo ukachomoka kwenye mteremko wa shule, na mama yule, mtu mzima na magoti yake, akasaidia kusukuma pikipiki hadi kwa fundi akiwa na viatu vyake vya kutokea. Kliniki wakaikuta imefungwa. Tangu hapo mama hakumsemesha mkwewe. Kila neno lilipitia kwa binti: "Mwambie mumeo chai inapoa," ilhali mume yuko papo hapo, kikombe kiko mkononi.

Kimya hicho kilimuuma shujaa. Mama yake mzazi alifariki zamani, na huyu alikuwa amezoea kumwita mwanangu. Sasa neno hilo halikusikika tena nyumbani, naye alilitamani kuliko alivyopenda kukiri.

Ndipo ikafika Jumanne. Mke alikuwa ametoka alfajiri kwenda kazini, kliniki ilikuwa imempangia mama siku nyingine, na mama akatoka uani na mkoba wake, akaitazama pikipiki, kisha akaitazama barabara, kama mtu anayewaza kwenda kwa miguu. Twende-Tu akajua kwamba leo ama atarudishiwa neno lake, ama atalipoteza moja kwa moja. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanena kwa sauti iliyowashtua kuku wa jirani:

"Ewe chombo cha magurudumu mawili, uliyeniaibisha mbele ya ukoo! Leo hutoki ua huu kabla sijakupekua kama forodha wanavyopekua sanduku la mgeni. Fundi amenifunza, nami nimeapa!"

Mama akajishughulisha kuufunga mkoba ambao ulikuwa umeshafungwa.

Vita vikaanza upande wa matairi. Shujaa akapiga magoti vumbini, akalibonyeza la mbele, akalikuta gumu. Akalibonyeza la nyuma, likabonyea kama mto wa kulalia. Akaitwaa pampu, akapiga mapigo sitini na matatu, akihesabu kwa sauti ili historia isipotoshwe, hadi tairi likasalimu amri. Akauendea mnyororo, adui yake wa kale. Akaupima kwa kidole, akaukuta umekazwa sawasawa, akaupaka mafuta bila kuusamehe. Oili nusura imshinde. Aliikagua pikipiki ikiwa imelalia stendi, akaona kidirisha cha kupimia oili ni kikavu, akapiga ukelele wa msiba. Kisha akayakumbuka maneno ya fundi, akaisimamisha wima, na oili ikajitokeza pale inapotakiwa, imetulia, wala haina habari kwamba imeliliwa. Breki zikashika, ya mbele na ya nyuma. Honi ikalia, na kuku wakakimbia mara ya pili.

Ikabaki taa ya breki.

Hapo ndipo uhodari wa mwanadamu unapofika ukingoni. Kwa maana nyuma ya kiti palikuwa na keria pana, na aliyeketi mbele kukanyaga breki hawezi kuiona taa iliyo chini yake. Twende-Tu alijaribu. Alijipinda hadi shingo ikalia, asione kitu. Palihitajika shahidi, na katika ua ule shahidi alikuwa mmoja tu.

"Mama yangu mheshimiwa," akanena, akiwa juu ya pikipiki, "mimi ni mkosaji, na mteremko wa shule unanishuhudia. Lakini leo sikuombi msamaha, nakuomba macho yako tu. Simama hapo nyuma. Nikikanyaga, niambie kama imewaka."

Mama akasogea nyuma, taratibu. Shujaa akawasha swichi, akakanyaga.

Kimya.

Ipimeni dhiki ile, enyi wasikilizaji! Kimya hiki kilikuwa cha balbu au cha mama mkwe? Akakanyaga tena kwa nguvu za watu watatu. Kimya. Jasho jipya likamtoka juu ya lile la zamani.

Hatimaye mama akakohoa, akaigonga keria kwa kidole. "We pikipiki," akasema, "mwambie mwenyewe taa haijawaka. Na aache kukukanyaga hivyo, hujamkosea kitu."

Twende-Tu angeweza kusema maneno yake mawili. Yalikuwa mdomoni kabisa, na saa zilikuwa zinakwenda. Akayameza. Akaleta bisibisi, akafungua kifuniko, akaikuta balbu imelegea kwa mitikisiko. Akaichomoa, akaifuta kwa upindo wa shati, akaikaza, akafunga. Akapanda. Safari hii akakanyaga polepole.

Mama, ambaye miwani yake ilikuwa bado kliniki, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa taa, na uso wake wote ukapata wekundu wa mwanga ule.

"Imewaka," akasema. Akakiweka sawa kitambaa chake cha kichwa. "Imewaka, mwanangu."

Shujaa akageukia mbele. Alijifanya anarekebisha kioo, kwa sababu macho yalimjaa machozi, na injini ilikuwa bado haijawashwa, hata asingeweza kuusingizia moshi.

Basi andikeni, enyi watunza tarehe za wafalme, kwamba siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mbele ya kuku kadhaa wa jirani, taa ya nyuma iliwaka na ikaonekana. Ziko falme zilizopiga ngoma kwa machache kuliko hayo. Mama akavaa helmeti, akapanda, akamshika mkwewe kiunoni. Naye mkwe akageuka kumwuliza kama amekaa vizuri, kama mkoba umefungwa, kama miguu iko mahali pake, kama helmeti haimbani, kama...

"Mwanangu," mama akamkatiza, "kliniki wanafunga saa sita. Twende tu."