Saa ya Mbio Ndani ya Gari la Mwanafunzi

Jumanne, 2 Septemba

Imefika! Mzigo umeletwa chuoni asubuhi, nikaufungulia chooni ili Klachi asiuone. Klachi ni mwalimu mwenzangu. Jina alilipata baada ya kuunguza klachi tatu, na bado anajiona yeye ndiye nguzo ya chuo chetu cha udereva.

Sasa saa yenyewe. Nzito! Uso mweusi, na ndani ya uso mna visaa vingine vitatu vidogo, mithili ya dashibodi. Kuna mshale mwekundu, mwembamba, wa kupimia mbio. Ukibonyeza kitufe cha juu unaondoka, ukikibonyeza tena unasimama, ukibonyeza cha chini unarudi mwanzo. Mkanda wa ngozi wenye matundu. Kuzunguka uso, vimraba vyeusi na vyeupe vya ile bendera ya mwisho wa mashindano. Nyuma wamechora usukani, sehemu ambayo hakuna atakayeiona, lakini mimi najua upo. Kitufe cha juu nimekibonyeza si chini ya mara arobaini kabla ya chakula cha mchana. Dada yangu, ambaye naishi kwake, ameuliza kama inaonyesha na saa pia. Wivu tu.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Nimeinunua kwa ajili ya Nesi.

Nesi ni mwanafunzi wangu, wiki ya sita hii. Amehamishiwa zahanati mpya, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, na huko ataendesha mwenyewe gari la zahanati kuzungukia wagonjwa. Mtihani Ijumaa. Jumatatu anaondoka. Katika wiki sita nimemwambia kanyaga, achia, tazama kioo, taratibu. Neno lingine lolote likifika kooni linakwama. Siku asizokuwa na somo nakaa ndani ya gari na wanafunzi wengine lakini sipo. Juzi mmoja alipita taa nyekundu nikamwambia vizuri sana.

Basi nimeamua saa inisemee. Mwanamume mwenye saa ya namna hii lazima ana historia. Ataiona, ataniuliza kama niliwahi kushindana. Nami nitatazama mbali kidogo, kisha niseme, zamani.

Leo hakuiona. Niliivaa mkono wa dirishani, tena ndani ya shati la mikono mirefu. Kesho.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeihamishia mkono wa upande wake. Mikono ya shati nimeikunja. Mpango ulikuwa kumwonyesha vitu kwa kidole, kimoja baada ya kingine, mpaka aione.

Nikamwonyesha kioo. Nikamwonyesha geji ya mafuta. Nikamwonyesha mti. Tulipofika karibu na kituo cha mafuta vitu vya kuonyesha vikaniishia, nikamwonyesha mawingu. Akadhani namwambia akate kona. Akawasha indiketa, akatazama kioo, akaingia mpaka kwenye pampu. Wahudumu wawili wakaja mbio. Tangi limejaa pomoni! Akawaomba radhi yeye, mimi nikawa nakagua viatu vyangu. Kuhusu saa, hata neno moja.

Aliyeiona ni Klachi, bila shaka. Alinidaka mkono uani, mbele ya wanafunzi, akauliza namba za ukingoni ni za nini. Nikamweleza kitaalamu. Unabonyeza ukiwa kwenye nguzo moja ya kilomita, unabonyeza tena kwenye nguzo inayofuata, na pale mshale unaposimama ndiyo spidi yako. Akazisoma zote, hana haraka. Akauliza mbona zinaanzia sitini. Nikasema chini ya sitini hiyo si mbio.

Nilijua nimejimaliza kabla sijafunga mdomo. Gari letu, na kibao chake cha MWANAFUNZI juu ya paa, haliruhusiwi kuvuka arobaini. Klachi alicheka mpaka akaegemea mlango. Akasema kwa mujibu wa saa ile, mimi nimeegeshwa miaka yote kumi na moja niliyofundisha hapa.

Iliniuma kuliko alivyokusudia. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naendesha kiti cha jikoni, kifuniko cha sufuria ndiyo usukani, na nilishinda kila siku. Sikujua kwamba nitakuja kulipwa kumwambia mtu apunguze mwendo.

Alhamisi, 4 Septemba

Somo la mwisho. Mpango wa leo ulikuwa safi kabisa. Nilirudisha saa nyuma dakika kumi na tano, somo lirefuke, na mahali fulani ndani ya dakika hizo nipate ujasiri.

Nikasahau kwamba manesi nao wana saa. Ya kwake kaibana kifuani kwa pini, imeninginia kichwa chini, na haijakosea tangu nimjue. Huyu ni mtu anayefika somoni dakika mbili kabla na kusimama getini mpaka ziishe. Akaniambia kwa upole kwamba saa yangu mpya inachelewa robo saa. Hatimaye kaiona! Nikasema saa za mbio zinapunguza makusudi, kwa usalama.

Kisha akawasha indiketa, akasogea pembeni, akaweka nyutro, akavuta breki ya mkono. Nimemfundisha vizuri, bahati mbaya. Akageuka akanishika mkono.

Akanishika mkono! Ulimwengu ulisimama. Sentensi yangu ya kwanza ilishafika kwenye ulimi, ikiwa na jina lake mwanzoni. Halafu nikaona macho yake hayapo kwangu, yapo kwenye mshale mwekundu niliouacha ukizunguka, na vidole viwili viko chini kidogo ya mkanda. Alikuwa anahesabu. Dakika nzima. Akasema mia na kumi na mbili, akauliza kama nimekunywa chai. Akanisihi nikapime presha.

Saa ameipenda, lakini. Nikamwachia abonyeze mwenyewe. Akasema hii ingemfaa kazini, mshale unaanzia sifuri na unaonekana hata kwenye mwanga hafifu. Wazo likanijia nimvulie nimpe pale pale. Nikalifukuza haraka. Nikimpa, atabaki ananitazama mimi mtupu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamka nikitaka afaulu. Hadi namaliza kunyoa ndevu nataka afeli. Akifeli anarudi kwangu wiki mbili, ndiyo sheria ya chuo, na zahanati itangoja.

Nikaenda uwanjani mapema. Kwenye zile koni za kuegesha kwa rivasi nikaisogeza moja ndani. Shibiri moja tu! Kisha nikamwona anakuja. Sare imepigwa pasi, faili kwapani, midomo inacheza: kioo, indiketa, kioo. Maneno yangu hayo, anayasema peke yake njiani. Nilijiona mtu wa ovyo. Nikakimbia kuirudisha koni, na kwa haraka zile nikaitoa nje kuliko mwanzo. Mtahini akanikuta nimepiga magoti nimeikumbatia, akauliza natafuta nini. Nikasema naipangusa vumbi.

Wala hakuhitaji msaada wa mtu. Aliingia kinyumenyume kama anayerudisha droo kabatini, akabakiza nafasi pande zote. Dakika moja na sekunde arobaini na nane, nilimpima. Mtahini akasaini. Nesi akarukaruka, mara mbili, kisha akakumbuka sare. Nikafurahi sana. Nikaenda kusimama nyuma ya gari kwa muda.

Jumamosi, 6 Septemba

Alikuja kuchukua cheti. Klachi alijifanya ana kazi pale pale mlangoni, nikamtuma akanunue chaki, ingawa chuo hakitumii chaki. Tukabaki wawili.

Niandike alivyosema, neno kwa neno, nisije nikajidanganya baadaye.

"Mwalimu, Jumatatu saa mbili kamili naondoka nyumbani na gari la zahanati. Kiti cha pembeni kiko wazi mpaka njia panda ya soko, kutoka pale utapata usafiri wa kurudi. Njoo. Wiki sita tumeongea vioo tu."

Na mimi je? Mimi niliyetunga hotuba sita? Niliangalia saa! Nikasema nitatazama ratiba yangu. Ratiba gani? Jumatatu asubuhi sina hata mwanafunzi mmoja.

Alitabasamu kidogo. Akasema, "Saa mbili kamili. Mimi sichelewi." Akaenda. Kufika getini akageuka, nikampungia ule mkono usio na saa.

Jumapili, 7 Septemba

Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja wa dada, umeshafagiwa. Amenialika! Tumeongea vioo tu, amesema. Maana yake kuna mengine anayotaka tuongee. Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande na kila upande inanipendeza.

Dada amesema niende saa moja na nusu, nikae getini kwao, nimngoje. Hayo ndiyo mawazo ya dada. Anayewahi anaonekana hana shughuli. Kwenye mbio za magari, bingwa ndiye wa mwisho kutoka kwenye hema. Nilimpigia Klachi, bila kutaja jina la mtu, naye akasema siku ya kwanza mkewe alimngoja dakika hamsini, na leo wana watoto wanne. Hamsini ni nyingi, mimi si katili. Nimekata shauri dakika kumi na tano. Atachungulia barabarani, atanikosa kidogo, ndipo nitokee.

Nimepiga pasi shati la mikono mifupi. Nitakachomwambia nimeshakiandika pia. Ni kifupi. Nitasema sitaki uende kabla hujajua kwamba nakupenda, na njia yako yote hiyo ya saa tatu naweza kuja kila mwisho wa wiki. Nimekisoma mbele ya kioo mara kumi, na mara mbili za mwisho sikukwama.

Jumatatu, 8 Septemba

Saa moja na dakika arobaini nilikuwa tayari mtaani kwao, nyuma ya ukuta wa duka la fundi viatu. Geti lao silioni kutoka pale, ndivyo nilivyotaka. Ningeliona ningekimbia.

Saa mbili kamili, majira nikiwa nimeshayarudisha sawa tangu Alhamisi, nikabonyeza kitufe cha juu. Mshale mwekundu ukaondoka. Sijapata kuona dakika ndefu kama zile! Dakika ya nne miguu ilianza kwenda yenyewe, nikairudisha. Dakika ya saba nikasema inatosha, nimechoka kumkosa, naenda. Nikakumbuka hamsini za Klachi. Nikabaki.

Dakika ya kumi na moja gari lilipita nyuma ya mgongo wangu. Sikugeuka, macho yangu yalikuwa kwenye mshale. Nilisikia tu linatoka gia ya kwanza kwenda ya pili, laini, halikuguna hata kidogo. Nikajisemea, dereva huyo kafundishwa na mtu anayeijua kazi.

Dakika ya kumi na tano nikatokea, hatua za taratibu. Geti wazi. Uani hamna gari. Mama yake anafagia. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kwenye saa, kisha akaweka ufagio chini.

"Amekungoja dakika kumi, baba. Injini inawaka. Mwanangu huyu hangoji mtu, hata kuzaliwa hakungoja, alikuja wa miezi saba. Nikimwambia nenda, ananiambia bado kidogo."

Akasema mwishowe alifunga mlango wa kile kiti cha pembeni, akasema labda Mwalimu hakutaka.

Nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilikuwa hatua sitini kutoka pale! Ningemwambiaje mama mtu mzima kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta? Nikasema nilipata dharura. Akaniletea maji, nikanywa nikiwa nimesimama. Alama za matairi zimetoka getini zimenyooka, hazikugusa ukingo wowote.

Chuoni nilikuta kiti cha dereva bado kimesogezwa mbele, kwa kipimo cha miguu yake, tangu mtihani. Klachi alitaka kukirudisha nyuma. Nikamwambia akiache. Safari hii hakunicheka. Nikakaa kiti changu cha pembeni, mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza maneno yote yakatoka bila kukwama, na upande ule hakuna mtu.

Jioni dada aliniuliza, nikamweleza yote. Aliniwekea chakula, sikukigusa.

Lakini sasa nimetulia, nimefikiri. Dakika kumi! Mtu asiyengoja mtu kangoja dakika kumi, na injini inawaka! Kwa hiyo mpango haukuwa na kosa. Mpango ulifanya kazi, tena vizuri, nilizidisha kidogo tu. Mama yake kaniambia Nesi atakuja kumsalimia mwisho wa mwezi, Jumamosi, atafika saa nne. Nimeshaandika kwenye kalenda. Nitachelewa dakika tisa.