Jogoo wa Ukurasa wa Saba

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekuwa mshairi. Imetokea leo saa nne asubuhi dukani kwangu, nikimtolea mtu kopi ya cheti cha kuzaliwa. Mteja mwingine alisahau tangazo juu ya mashine. Mikumi wanafungua chumba cha kusomea watoto. Wanataka shairi la mistari minane, la kuchekesha, kuhusu kitu ambacho mtoto hukiona kila siku. Litakaloshinda litaandikwa ukutani. Ukutani! Kwa rangi ya mafuta! Na jina la mtungaji chini yake!

Nikafunga duka, nikarukia baiskeli, nikateremka mtaa mzima wa Kilosa nikipiga kengele. Breki zilikufa tangu Pasaka, lakini kengele yangu inasikika hadi stesheni. Kuku wa Mama Yusta walitawanyika. Wameshazoea.

Nikamwambia binti yangu Debora, wa darasa la tatu, kwamba baba yake anakwenda kukaa ukutani. Akauliza shairi lenyewe liko wapi. Nikamjibu hilo ni jambo dogo.

Jumatano, 3 Septemba

Si jambo dogo.

Nimepitia vitabu vyote vya hadithi vya Debora. Kimoja kina kiboko anayeogopa sabuni. Kingine kina sungura amepanga chumba ndani ya kiatu. Kuna mtu mzima alikaa akaandika haya, na akachapishiwa! Nikatunga langu kwa dakika tano:

Paka kavaa miwani,
asoma gazeti ndani.
Ukitaka kopi, jirani,
kwa Fortunatus, sokoni.

Debora akauliza paka anataka kopi za nini. Mke wangu Marselina akasema hilo si shairi, ni bango. Nikatunga la pili, kuhusu penseli. Likaishia kuwaonya watoto wasipoteze penseli, na kwamba kwangu zipo. Debora akapiga mwayo, saa kumi jioni!

Kisha akatoa habari mbaya. Amewaambia darasa zima kwamba shairi la baba yake limeshinda. Na tarehe 13 darasa lao litapelekwa Mikumi kwenye ufunguzi. Mtoto mmoja, Ashrafu, amesema haamini mpaka aone. Debora akaniambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba kama shairi halitakuwepo yeye hapandi hilo basi. Roho iliniuma. Mwongo ni mimi, wa kuchekwa ni yeye.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimegundua adui. Mwalimu Yudith, anayemfundisha Debora, ana daftari la kijani limejaa mashairi ya watoto. Debora anayaimba akiosha vyombo. Moja linasema sufuria ina kwikwi, kifuniko hakitulii. Nilicheka kabla sijajizuia. Nimeudhika sana.

Nikaenda shuleni kujitolea kumtolea kopi za daftari hilo bure. Akakataa. Akauliza kama koti langu limekuja lenyewe au mimi nimo ndani. Siwezi kukasirika, ni mtani wangu. Yeye Mkaguru wa milimani, mimi Mnyamwezi ambaye babu yake alikuja Kimamba kukata mkonge. Tunatukanana kwa kibali cha mababu. Lakini koti ni la heshima, alinipa kaka Gerald wa Morogoro. Mikono inafika magotini, ni kweli. Kitambaa lakini ni cha ofisini.

Jumamosi, 6 Septemba

Msiba Masanze. Babu yake Mwalimu Yudith ametutoka, miaka tisini na sita. Nilisikitika kwa moyo wote. Halafu nikapata wazo.

Mimi ni mtani! Mtani msibani ana haki zake. Anachukua kitu chochote cha wafiwa, na wasipokikomboa kinakuwa chake. Mtani mwenzangu Cornel alikalia kigoda cha marehemu, akagoma kuinuka mpaka apewe kuku. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka, na ndiyo kazi yetu. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kikapu cha Mwalimu Yudith. Nikachomoa daftari la kijani.

Nilitegemea vita. Akafuta macho kwa kanga, akacheka, akasema nichukue tu. Akaongeza kwamba shairi zuri kuliko yote liko ukurasa wa saba, na lisomwe mtu akiwa amevaa koti. Masikini! Uchungu umemchanganya.

Nikaondoka kabla hajakumbuka kulikomboa. Gari la kurudi Kilosa lilishaanza kuondoka, nikalikimbiza nikipunga mikono na kupiga kelele kwamba wangoje, sijafika. Kama kawaida, walingoja.

Jumapili, 7 Septemba

Ukurasa wa saba:

Jogoo kavaa koti,
mikono yafika goti.
Kapanda baiskeli,
breki hana, kweli kweli.
Akishuka kilimani,
kuku wote majanini.
Asubuhi anawika:
“Jua, ngoja! Sijafika!”

Nimelisoma mara nne. Jogoo mpumbavu sana huyu. Anajiona mkubwa, na chombo chake kibovu! Mwalimu kawatoa wapi watu wa namna hii sijui. Lakini Debora alicheka mpaka akakaa chini. Akaniangalia, akacheka upya. Hiyo inanitosha.

Nililinakili kwa mwandiko wangu. Kwenye jina nilisita kidogo. Nikajikumbusha kwamba daftari halikukombolewa, kwa hiyo ni mali yangu. Nikaandika Fortunatus kwa herufi kubwa, nikampa konda wa basi la Mikumi.

Jumatano, 10 Septemba

NIMESHINDA! Bwana Melkizedek, mwenyekiti wa kamati, amepiga simu mwenyewe. Nitalisoma mbele ya watu siku ya ufunguzi, kisha ndipo liandikwe ukutani. Nimemtangazia kila mteja. Mmoja alikuja kulaminishiwa cheti cha kifo, naye nikamwambia.

Mwalimu Yudith alipita kununua kalamu. Akanipongeza, akanikumbusha koti, akasema baiskeli nayo ipakiwe juu ya basi. Nikauliza ya nini. Akasema watoto hupenda kuona vitu. Hana kinyongo hata chembe. Nilimwonea huruma mpaka nikampunguzia bei.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilichelewa kidogo. Basi la watoto lilikuwa limeshawashwa. Nikateremka kwa kasi, kengele juu, kuku wa Mama Yusta wakaingia kwenye majani, nami napaza sauti kwamba wangoje, sijafika! Watoto sitini wakajaa madirishani. Wakaniamkia shikamoo kwa pamoja, kisha wakapasuka kwa kicheko. Nikaona umaarufu umenitangulia. Debora alikaa kiti cha mbele, amebana mikono katikati ya magoti.

Mikumi nikasoma. Mstari wa pili tu, ukumbi umeanguka kwa kicheko. Kwenye breki wote wakageuka kutazama baiskeli yangu mlangoni. Bwana Melkizedek alivua miwani akafuta macho.

Ndipo Mwalimu Yudith akasimama. Akasema shairi ni lake. Kwamba mtani wake alilichukua daftari msibani, naye hakuwahi kulikomboa. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwatazama wazee wa kamati, nilimtazama Debora. Uso wake ulikuwa umeshuka.

Mwalimu akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa jogoo. Jogoo mzima, mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba ya mkonge. Akasema leo anakomboa. Mila ni mila, nikapokea jogoo nikarudisha daftari. Watu wakapiga vigelegele. Bwana Melkizedek akatangaza kwamba jina litakaloandikwa ukutani ni la Yudith.

Basi, nimeaibika, nikawaza, na mtoto wangu nimemwaibisha. Lakini Debora alikuwa ameshapanda juu ya benchi. Akapiga kelele kwamba yule jogoo wa kwenye shairi ni baba yake! Ashrafu akauliza kweli? Akajibu kwamba koti si hilo hapo? Watoto wakanivamia, kila mmoja anataka kushika mkono wa koti. Debora akawapanga mstari, kifua mbele, anaamua nani aguse na nani asubiri. Ashrafu aliwekwa wa mwisho. Sijawahi kumwona mwanangu ana furaha ile. Machozi yalinitoka, na sisingizii vumbi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilimuuliza Debora alimaanisha nini. Akasema, baba, jogoo ni wewe. Nikamwelewesha taratibu kwamba mimi sina mkia, na naamka saa mbili. Bado mdogo, ataelewa.

Wamenitumia picha ya ukuta. Jogoo wamemvika koti la bluu kama langu. Mchoraji ameishiwa ubunifu. Nimewaandikia kulalamika, kengele wameichora ndogo mno.

Jogoo wa kukombolea yuko uani. Marselina alitaka kumchinja jana, Debora akamkatalia na kumpa jina. Amemwita Fortunatus. Mtoto ana heshima huyu.

Mwalimu Yudith amepita na daftari jipya, jekundu. Amenionya nisithubutu kufungua ukurasa wa nne. Ni habari za mbuzi mwenye koti anayekula madaftari ya watu. Mbuzi gani tena huyo! Watoto watampenda.

Arobaini ya babu yake ni katikati ya Oktoba, Masanze. Watani tumealikwa. Koti nimeshalifua.