Idhini ya Kaka Himid

Jumamosi, 3 Oktoba

Hili sijamwambia mtu, hata dada yangu Asma ninayelala naye kitanda kimoja. Kaka Himid anayezungumza na Mama kwenye simu si Kaka Himid. Ni mimi.

Kaka yuko Maskati. Tangu Idd hajapiga, na namba yake haipatikani. Mama akawa anaiweka simu pembeni ya sahani, anaitazama, chakula hali. Sikustahamili. Nikachukua sauti zake za zamani, nikazitia kwenye programu ya akili mnemba. Naandika maneno, Kaka anayasema. Nikatumia laini nyengine, na kwenye simu ya Mama nikaiandika jina lake. Ujumbe wa kwanza ulikuwa shikamoo na kumuulizia presha. Mama alilia, akala wali, akaomba na ukoko.

Ningeishia hapo. Lakini karafuu zilikuwa uani, gunia kwa gunia. Ujumbe wa pili, Kaka akasema Ummkulthum, yaani mimi, ana mtihani wa Kiingereza, asichambue karafuu. Mama akatii. Asma kachambua peke yake mpaka vidole vikawa vyeusi. Mimi ndani, na kitabu cha Kiingereza juu ya kifua. Nilikuwa nimelala.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mama anasema Maskati imemharibu mwanawe. Ati siku hizi anazungumza kama msoma taarifa ya habari. Kumbe programu haijui Kipemba. Nikamtilia "mie" na "weye" kila pahala. Mama karidhika.

Mwanawema, jirani yetu, hakuridhika. Kaka yake Rajab naye yuko Maskati, na hupiga simu ya video mpaka kuku wetu wanamjua. Kaniuliza bombani, mbele ya watu, mbona Himid haonyeshi uso, kaota pembe? Nikasema kamera imevunjika. Akasema maskini, kwa sauti ya kusikiwa kijiji kizima cha Shumba.

Kuandika majibu darasani kumenichosha. Leo nimeiachia programu imjibu Mama yenyewe. Iliniuliza nataka tabia gani. Nikachagua mpole, asiyekataa kitu. Nikajiona hodari.

Alhamisi, 8 Oktoba

Balaa. Watu wa Kengeja wameleta posa ya Asma. Abdulnasir, yule yule ambaye Asma mwenyewe anamtaka. Baba ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa Asma, wa kumuozesha, ni Kaka. Mama akatuma ujumbe kumuuliza. Nami niko darasani.

Programu ikajibu. Imekubali kwa moyo mkunjufu, na inampa uwakili Shehe Othman wa msikitini kwetu aozeshe kwa niaba yake. Shehe kasikiliza mwenyewe, na mashahidi. Kasema mashaallah, kijana huyu kalelewa. Ndoa kesho, baada ya sala ya Ijumaa.

Chuoni, madrasa, tumesoma: hakuna ndoa bila ya walii. Walii wa dada yangu ni programu. Nikisema, aibu ya Asma, na Mama atampoteza mwanawe mara ya pili. Nisiposema, Asma ataingia chumbani na mtu asiye mumewe.

Nimemwendea Mwanawema. Nikamwambia namba ya Kaka imetupotea, Rajab amtafute, apige kabla ya sala. Akauliza si jana tu Mama alikuwa akimsifu kwa maneno yake matamu? Nikatazama vidole vya miguu. Akatuma, hakuniuliza tena. Wema wake umeniuma kuliko kejeli zake.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kaka hakupiga. Nilimfuata Shehe Othman barazani nimwambie. Nikafungua mdomo, ikatoka: Shehe, chai au sharubati?

Akachukua sharubati, akaenda kuozesha.

Asma kanikumbatia. Kasema hakuna kaka kama kaka yetu. Mikononi ana hina, na weusi wa karafuu bado haujatoka kuchani.

Jumapili, 11 Oktoba

Kaka kapiga. Kaka wa kweli, kwa namba ngeni, sauti imemkauka. Kaomba radhi. Kaachishwa kazi, akaona haya kupiga. Kisha akauliza, Asma hajapata mchumba bado?

Mama akakata. Katwambia ni tapeli, siku hizi wanaiga sauti za watu. Hata hajui kama dadake kaolewa juzi. Sauti ya mwanangu mie naijua, kasema, akaifungia ile namba. Akamtumia "Himid" ujumbe ajihadhari. Programu ikamsifu kwa werevu wake.

Nimelia chooni. Nimeapa kusema kila kitu. Ila mimi Mama hatanisadiki. Angemsadiki Shehe Othman. Shehe akimwambia yule ndiye Himid, ampigie, na ndoa ifungwe upya kwa tahadhari, atatii hapo hapo. Na darsa zake za msikitini ninazo kwenye simu. Sauti yake nyepesi kuiga, wala hakohoi. Ujumbe mmoja tu, halafu naifuta programu.

Nyayo. Ndala za Asma, bado yuko kwetu kwa fungate. Anauliza niko wapi, anataka nimsaidie kumtumia Kaka shukrani. Karatasi hii naitia ndani ya kitabu cha Kiingereza. Nyumbani humu hakifunguliwi na mtu, hata mimi.